Kinyume ni cha maana, si cha kidahizo: kufundisha vinyume kwa watoto wadogo

Kinyume (wingi: vinyume) ni neno ambalo maana yake inapingana na maana ya neno jingine katika sifa moja, huku maneno hayo mawili yakishirikiana katika sifa nyinginezo. Vivumishi "-refu" na "-fupi" hupima jambo lile lile, yaani umbali kutoka ncha moja ya kitu hadi nyingine. Vinatofautiana kwa upande wa kipimo tu. Kwa sababu hiyo maneno yanayopingana ni maneno yaliyo karibu sana kimaana. "-refu" na "-tamu" hayapingani, kwa kuwa hayana kipimo cha pamoja.

Makala haya yanahusu namna ya kuwafundisha vinyume watoto wa elimu ya awali na wa darasa la kwanza na la pili. Hoja yake kuu ni kwamba kinyume huambatana na maana ya neno katika muktadha, wala hakiambatani na kidahizo. Neno lenye maana nne huweza kuwa na vinyume vinne, na mtoto anayetaja kimojawapo amejibu sawasawa. Mifano mingi imetolewa kutoka Buguruni, kata ya Ilala jijini Dar es Salaam, zinapokutana Barabara ya Uhuru na Barabara ya Mandela. Mahali hapo soko, vituo vya daladala, nyumba za kupanga na madarasa viko karibu karibu, na mtoto huyasikia maneno haya yakitumika kabla hajayaona ubaoni.

1. Neno "kinyume" na maana zake

Mwalimu anayeuliza "Kinyume cha neno hili ni nini?" hana budi kukumbuka kwamba swali lake lenyewe lina neno lenye maana zaidi ya moja.

(a) Upinzani wa maana: "Kinyume cha juu ni chini." Hii ndiyo maana ya kiistilahi, na baadhi ya waandishi wa semantiki hutumia pia neno "antonimu".

(b) Ukiukaji: "Ametenda kinyume cha sheria" au "kinyume na sheria". Miundo yote miwili hutumika.

(c) Mwelekeo wa kurudi: "Anatembea kinyumenyume."

(d) Mchezo wa lugha ambao silabi ya mwisho huhamishiwa mwanzo wa neno, ili asiyejua mchezo asielewe: "nyumba" huwa "mbanyu", "kesho" huwa "shoke". Mchezo huu ni wa zamani katika pwani ya Waswahili, nao huitwa kinyume.

Mtoto anayeujua mchezo huo akiulizwa kinyume cha "kesho" na kujibu "shoke" hajafanya mzaha. Amejibu kwa mujibu wa maana ya nne. Inafaa basi swali la mwanzo kwa wadogo liwe wazi zaidi: "Taja neno lenye maana inayopingana na hili."

2. Aina nne za vinyume

Wanaisimu hawakubaliani katika istilahi. John Lyons, katika kitabu chake cha semantiki cha mwaka 1977, aliliwekea neno antonimu mpaka, akalitumia kwa vinyume vya ngazi peke yake. Kwa mahitaji ya darasa la Kiswahili mgawanyo ufuatao unatosha.

Vinyume vya ngazi. Kati ya ncha mbili huwapo nafasi ya katikati: maji ya moto, maji ya uvuguvugu, maji baridi. Vivumishi "-kubwa/-dogo", "-zito/-epesi" na "-pana/-embamba" ni wa kundi hili. Ukubwa hapa hutegemea kitu kinachosemwa: fungu kubwa la nyanya ni dogo kuliko tenga dogo la nyanya.

Vinyume kamili. Hakuna nafasi ya katikati. Taa ama inawaka ama imezimika. Kuku ama yu hai ama amekufa.

Vinyume vya uhusiano. Tukio ni moja, linatazamwa kutoka pande mbili. Mama akiuza nazi, mteja amenunua nazi. Hakuna uuzaji bila ununuzi. Kundi hili lina "toa/pokea", "fundisha/jifunza", "kopa/kopesha", pamoja na nomino kama "mgeni/mwenyeji" na "muuzaji/mteja".

Vinyume vya kutendua. Tendo la pili huondoa matokeo ya tendo la kwanza: "funga/fungua", "panda/shuka", "jenga/bomoa".

Si kila kundi la maneno hujipanga kwa jozi. Tunda la mnazi hupitia hatua zenye majina yake: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Hapo pana ngazi yenye vipandio vingi. Swali la "kinyume cha dafu" halina jibu, na mwalimu asilazimishe jozi mahali lugha ilipoweka mfuatano. Vivyo hivyo "baba" na "mama" hutofautiana kijinsia, lakini kuyaweka katika orodha moja na "safi/-chafu" humfanya mtoto adhani kwamba watu hao wanapingana kama usafi na uchafu. Yafaa jozi za kijinsia zifundishwe peke yake.

3. Neno moja, vinyume vingi

Tuanze na mfano mwepesi. Kinyume cha "kulia" ni nini? Mtoto mmoja atasema "kushoto", mwingine "kucheka". Wote wamepatia, kwa kuwa umbo "kulia" linabeba maneno mawili tofauti. Ukisema "mkono wa kulia" au "mtoto anataka kulia", utata huisha papo hapo. Kinachoondoa utata ni neno linaloambatana na hilo linaloulizwa.

Mifano iliyo migumu zaidi ni ya maneno yenye asili moja yaliyopanuka kimaana. Kivumishi "-bichi" ni mfano bora, na soko la Buguruni linatosha kuwa maabara yake. Embe bichi linapingana na embe bivu. Nguo mbichi, iliyotoka kufuliwa, inapingana na nguo kavu. Kuni mbichi zinapingana na kuni kavu, na samaki mbichi hupingana na samaki mkavu akiwa mezani kwa mchuuzi, lakini hupingana na samaki aliyekaangwa akiwa jikoni. Mtoto akiulizwa kinyume cha "mbichi" bila nomino yoyote, akajibu "kavu", ametoa jibu la nguo na la kuni. Mwongozo wa usahihishaji ulioandika "-bivu" pekee utamkosesha alama kwa sababu aliyeuandika aliwaza matunda.

Neno "rahisi" nalo lina pande mbili. Swali rahisi ni kinyume cha swali gumu; bei rahisi ni kinyume cha bei ghali. Anayekulia karibu na Buguruni au Kariakoo huenda akaijua kwanza maana ya bei. Akijibu "ghali", asiambiwe amekosea. Aongezewe maana ya pili. Akisema "bei chee", hilo ni neno la mitaani lenye maana ya bei ndogo. Linafaa kupokelewa mdomoni na kisha kuonyeshwa linalolingana nalo katika maandishi rasmi.

Kivumishi "-zima" kina vinyume visivyopungua vinne. Mtu mzima si mtoto. Mtu aliye mzima si mgonjwa. Mkate mzima si nusu mkate. Kikombe kizima si kilichovunjika. Tena lipo umbo la kitenzi, "zima taa", ambalo kinyume chake ni "washa taa".

Vitenzi pia vina tabia hiyo. "Funga" huwekwa katika vitabu vingi mkabala na "fungua", na jozi hiyo ni sahihi kwa mlango, mkoba na shule. Lakini mchezaji aliyefunga bao kinyume chake ni aliyekosa, na timu iliyofunga kinyume chake ni iliyofungwa. Hakuna anayefungua bao. Aliyefunga Ramadhani hutofautishwa na anayekula, ilhali kufungua jioni ni kuikamilisha saumu. "Simama" kwa mtoto darasani hupingana na "kaa". Kwa daladala hupingana na "ondoka". "Panga" vyombo hupingana na "pangua"; "panga" chumba hupingana na "pangisha", ambacho ni kinyume cha uhusiano kati ya mpangaji na mwenye nyumba. "Kopa" huwa na "kopesha" tukitazama watu wawili, na "lipa" tukitazama mtu mmoja na deni lake.

4. Kauli ya kutendua

Kiswahili, kama lugha nyingine za Kibantu, kina kiambishi cha kuunda kinyume ndani ya kitenzi chenyewe. Umbo lake ni "-u-", au "-o-" pale shina lenye irabu "o" linapotangulia: "ziba/zibua", "tega/tegua", "kunja/kunjua", "panga/pangua", lakini "choma/chomoa". Katika baadhi ya vitenzi kiambishi hiki huchukua nafasi ya "-ik-": "funika/funua", "tandika/tandua", "anika/anua", "bandika/bandua". "Vaa" na "vua" ni wa ukoo huo huo.

Hili ni jambo la thamani kwa mwalimu, maana mtoto hulisikia na kulitenda nyumbani: kitanda hutandikwa na kutanduliwa, nguo huanikwa na kuanuliwa. Lakini kuna tahadhari tatu.

Kwanza, si kila kitenzi hukubali kiambishi hiki kwa uhuru. Mtoto akisema "jengua" kwa maana ya "bomoa", kosa lake linatuonyesha kwamba ameigundua kanuni. Apewe "bomoa" bila kukemewa.

Pili, si kila kitenzi kinachoishia na "-ua" ni cha kutendua. "Nunua" hakipingani na "nuna", wala "tambua" hakipingani na "tamba". "Chukua" na "sugua" havina jozi ya namna hiyo kabisa.

Tatu, muktadha hutawala hapa pia. Tangazo lililobandikwa ukutani hubanduliwa; sufuria iliyobandikwa jikoni huipuliwa.

5. Ukanushi si kinyume

Kusema "Juma si mrefu" si sawa na kusema "Juma ni mfupi", kwa kuwa Juma anaweza kuwa wa kimo cha wastani. Katika vinyume vya ngazi, ukanushi huacha nafasi ya katikati wazi. Katika vinyume kamili tu ndipo ukanushi na kinyume hukutana: taa isiyowaka imezimika. Mtoto aliyeulizwa kinyume cha "-refu" akajibu "si mrefu" amekaribia. Mwalimu anaweza kuwasimamisha wanafunzi watatu wa vimo tofauti, na tofauti itaonekana bila maelezo marefu.

Pamoja na hayo, ncha mbili za kipimo hazina hadhi sawa. Nomino ya kipimo huundwa kwa upande wa "zaidi": tunauliza urefu, uzito na upana. Penseli iliyobaki kipande tu bado hupimwa "urefu". Mwanafunzi anayeanza kupima vitu anastahili kuelezwa kwamba "urefu" hapa ni jina la kipimo chenyewe, ili asishangae kuulizwa urefu wa kitu kifupi.

6. Upatanisho wa kisarufi

Vivumishi vya asili ya Kibantu hupokea viambishi vya ngeli. Vingi vya mkopo havipokei. Matokeo yake ni jozi zenye mguu mmoja unaobadilika na mwingine usiobadilika: chumba kichafu, chumba safi, mikono michafu, mikono safi, swali gumu, swali rahisi, vitanda vigumu, vitanda laini. Anayefundishwa orodha ya mashina matupu hulazimika kubuni upatanisho mwenyewe anapotunga sentensi. Anayefundishwa virai, yaani nomino pamoja na kivumishi chake, hujifunza kinyume na upatanisho kwa wakati mmoja. Hii ni sababu ya pili, ya kisarufi, ya kutotenga neno na mwandani wake.

7. Hatua za ufundishaji

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliitambua elimu ya awali kuwa sehemu ya mfumo rasmi wa elimu Tanzania. Mtoto wa umri huo hujifunza kwa mwili na kwa vitu kabla ya maandishi. Mpangilio ufuatao unaheshimu hali hiyo.

Hatua ya kwanza ni vitenzi vya kutenda. Simameni, kaeni. Fungua mlango, funga mlango. Vaa kiatu, vua kiatu. Kwa "kulia/kushoto", mwalimu awape watoto mgongo wakati wa kuonyesha. Akiwakabili, mkono wake wa kulia utakuwa upande wao wa kushoto. Kwa walio wengi, jina "mkono wa kulia" hujieleza: ndio mkono wa kulia chakula.

Hatua ya pili ni vitu viwili vya aina moja vinavyotofautiana kwa sifa moja. Ndizi mbivu na ndizi mbichi zilingane ukubwa. Ikiwa moja ni kubwa, ya manjano na mbivu, na nyingine ni ndogo, ya kijani na mbichi, mtoto hatajua ni sifa gani inayotajwa.

Hatua ya tatu ni kubadilisha nomino. Baada ya ndizi mbichi na mbivu, iletwe nguo mbichi na kavu. Hapa ndipo mtoto hugundua mwenyewe kwamba kinyume kimehama. Hatua hii isirukwe, kwa sababu ndiyo inayobeba somo lote.

Hatua ya nne ni kutoka maana pana kwenda maana finyu. Utafiti wa Eve V. Clark wa mwaka 1972, uliohusu watoto wanaozungumza Kiingereza, ulionyesha kwamba jozi ya jumla, kubwa na ndogo, hutangulia jozi za vipimo mahususi kama vile upana. Mtoto wa Kiswahili anayeiita njia nyembamba "njia ndogo" yuko katika hatua inayofahamika ya ukuaji. Hana haja ya kusahihishwa kwa ukali. Apewe jozi "pana/nyembamba" pamoja na njia mbili za kuzilinganisha.

Hatua ya tano ni methali. "Aliye juu mngoje chini", "Mwenye shibe hamjui mwenye njaa" na "Mgeni njoo, mwenyeji apone" zina vinyume vilivyokaa ndani ya maana kamili, na mtoto huzikumbuka kwa mizani yake.

Katika Buguruni ipo pia shule ya watoto viziwi. Kwa mwanafunzi anayekutana na Kiswahili cha maandishi akiwa tayari anatumia Lugha ya Alama ya Tanzania, jozi ya maneno isiyo na kitu wala tukio ina ugumu wa ziada, kwa kuwa hana mazungumzo ya kusikika ya sokoni na nyumbani ya kumsaidia kubashiri maana iliyokusudiwa. Vitu viwili mezani humsaidia yeye kama vinavyomsaidia mwenzake anayesikia.

8. Kutunga na kusahihisha maswali

Swali la kawaida huwa hivi: "Andika kinyume cha: mbichi, rahisi, funga, mzima." Swali hilo lina majibu mengi, ilhali mwongozo wake mara nyingi una jibu moja. Anayeumia ni mtoto anayeijua lugha vizuri, kwa sababu maana zaidi ya moja zinamjia. Akikatwa alama kwa jibu lililo sahihi nyumbani na sokoni, hujifunza kwamba Kiswahili cha shule hakihusiani na Kiswahili anachokijua, na hasara hiyo ni kubwa kuliko alama moja.

Tiba yake ni kuweka swali ndani ya sentensi mbili sambamba:

Embe la Asha ni bivu. Embe la Juma ni ______.
Shati la Asha ni kavu. Shati la Juma ni ______.
Nazi za jana zilikuwa za bei rahisi. Nazi za leo ni za bei ______.

Majibu ya mbili za kwanza yanatumia shina lile lile, "-bichi", na mwanafunzi atalifikia kwa njia mbili. Ikiwa mtahini hana budi kutumia neno tupu, mwongozo utaje vinyume vyote vinavyokubalika, na msahihishaji apewe idhini ya kumuuliza mtoto, "Ulikuwa unafikiria nini?" kabla ya kuweka alama ya kosa.

9. Kwa mfasiri na mtunga kamusi

Kanuni hiyo hiyo inawahusu wakubwa. "Halali" hupingana na "haramu" katika chakula na ibada, lakini mkataba usio halali kisheria ni "batili". Kuuita "haramu" ni kubadili maana. "Kisu kikali" hupingana na "kisu butu", "mbwa mkali" na "mbwa mpole". Kiswahili pia hakina kiambishi awali cha jumla cha kugeuza kivumishi kuwa kinyume chake. Hutumia neno jingine kabisa, au miundo kama "asiye mwaminifu", "ukosefu wa uaminifu" na "bila idhini". Mfasiri achague kati ya miundo hiyo kwa kuangalia iwapo matini inadai kinyume au ukanushi tu.

Kamusi nazo hupanga maana za kidahizo kwa namba. Kinyume kiandikwe chini ya namba ya maana inayohusika, kama ifuatavyo.

-bichi: 1. (tunda) -bivu, 2. (nguo, kuni) -kavu, 3. (chakula) -liopikwa, -liokaangwa.
funga: 1. (mlango, shule) fungua; 2. (bao) kosa, (timu) fungwa, 3. (saumu) kula.
halali: 1. (chakula, tendo) haramu, 2. (hati, mkataba) batili.
-kali: 1. (kisu) butu, 2. (mtu, mnyama) -pole.
kopa: 1. (kwa mtazamo wa watu wawili) kopesha, 2. (kwa mtazamo wa deni) lipa.
kulia: 1. (upande) kushoto; 2. (kutoa machozi) kucheka.
panga: 1. (vitu) pangua, 2. (chumba, nyumba) pangisha.
rahisi: 1. (kazi, swali) -gumu; 2. (bei) ghali.
simama: 1. (mtu) kaa, 2. (chombo cha usafiri) ondoka.
-zima: 1. (mtu, kwa umri) mtoto, 2. (kwa afya) mgonjwa, 3. (kitu kisichogawanywa) nusu, kipande, 4. (chombo) -liovunjika.